Kuurudishia Mng'ao Wembe wa Babu

Wazee wetu walisema, "Mtoto akililia wembe, mpe." Maana yake ni kwamba asiyesikia la mkuu hufundishwa na jeraha lake mwenyewe. Mimi sikulilia wembe; niliuiba. Wala haukunikata siku ile. Ulingoja zaidi ya miaka ishirini ndipo ukanikata, na si kidoleni uliponikata. Habari hiyo ndiyo nitakayo kuieleza hapa, pamoja na kazi niliyoifanya ya kuuondolea wembe ule kutu na kuurudishia mng'ao wake. Najua nyumba nyingi zina chombo cha namna hiyo kilicholala sandukuni, na huenda mwenye nacho akafaidika na makosa yangu.

Wembe wenyewe ni wa kukunja, wa zile za zamani ambazo vijana wa siku hizi huzijua kwa kuziona katika sinema tu. Mpini wake ni wa pembe nyeusi, na bapa lake huingia katikati ya mpini kama kisu cha mfukoni. Mgongo wake ni mnene, na mashavu yake mawili yamechimbwa ndani hata makali yakawa membamba kama jani. Babu mzaa baba aliununua mjini Colombo wakati wa Vita Kuu ya Pili. Alikuwa askari wa K.A.R., na kikosi chake kilikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokaa Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka, kisha mwaka 1944 ikapelekwa Burma kupigana na Wajapani katika bonde la Kabaw. Alituambia kwamba katika matope ya bonde lile askari aliweza kukosa chakula, akakosa na usingizi, lakini afisa hakukubali akose kunyoa ndevu.

Vita vilipokwisha alirudi Eldoret kwa gari moshi, akiwa na blanketi, sanduku la bati, na wembe ule. Wakati huo wenyeji wengi waliuita mji wetu Sisibo, na wazee wengine huuita hivyo hata leo. Jina hilo latokana na namba 64 ya Kiingereza, kwa maana posta ya kwanza ilijengwa katika shamba namba 64 mwaka 1910, kabla mji haujapewa jina la Eldoret mwaka 1912. Mji umekua sana tangu hapo, hata ukapewa cheo cha jiji mwaka 2024. Wembe haukukua. Ulikaa vile vile, ukapita mkono wa babu hata mkono wa baba.

Penye mkia wa wembe, karibu na msumari uunganishao bapa na mpini, pamechorwa maneno mawili: Sheffield, England. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni jina la mwenyewe wa kwanza. Baadaye nilijifunza kwamba Sheffield ni mji wa Uingereza uliojulikana kwa visu na nyembe kwa karne nyingi. Nilijifunza pia kwamba sheria ya ushuru iliyotungwa Marekani mwaka 1890 ilitaka bidhaa zitokazo ng'ambo zionyeshe jina la nchi zilikotengenezwa. Kwa sababu hiyo wembe ulioandikwa jina la England kwa kawaida ni wa baada ya mwaka huo. Kwa hiyo twaweza kukisia umri wa chombo kwa maneno machache yaliyochorwa juu yake, nami nawasihi wenye vyombo vya zamani wasiyasugue maneno hayo yakafutika kwa tamaa ya mng'ao.

Baba alinyoa kwa wembe huu kila Jumamosi jioni. Aliketi mlangoni ambako mwanga ulikuwa mwema, kioo kidogo kimetundikwa msumarini, na beseni la maji ya moto miguuni. Kwanza aliuburura wembe juu ya mkanda wa ngozi, akienda na kurudi, mgongo wa wembe ukitangulia, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anong'onaye. Baada ya kunyoa aliukausha kwa kitambaa, akaupaka mafuta ya cherehani tone moja, akaukunja na kuurudisha katika sanduku la babu. Sisi watoto tulikatazwa kuugusa. Hakutukataza kwa kelele; alitukataza mara moja tu.

Mwaka 2003 nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Siku moja wazazi walikwenda kwenye mazishi, nami nilikuwa nimenunua muwa kwa mchuuzi wa mkokoteni. Visu vya nyumbani vilikuwa butu, nami nikaukumbuka wembe. Nikaufungua, nikaumenya muwa, nikaukata vipande, na kusema kweli ulikatika kama siagi. Nilipomaliza niliupangusa wembe kwa shati langu, nikaukunja, nikaurudisha sandukuni. Sikuuosha wala sikuukausha, na mafuta sikuyakumbuka kabisa.

Baba alikaa huko mazishini muda wa juma mbili. Aliporudi, Jumamosi yake aliketi mlangoni kama desturi, akaufungua wembe. Nilikuwa nimesimama uani nikimtazama kwa pembe ya jicho. Aliutazama kitambo. Akaugeuza upande wa pili, akautazama tena. Kisha akaukunja, akaurudisha sandukuni, akamwaga maji ya beseni. Hakuuliza neno. Siku ya pili yake alinunua nyembe za kutupa dukani, na tangu siku ile sikumwona tena akiutumia wembe wa baba yake.

Sasa nieleze kidogo jambo lililoupata wembe ule. Feleji ya zamani, yaani chuma kigumu cha kufanyia visu na nyembe, haina kinga dhidi ya kutu. Chuma kikikutana na maji na hewa, huanza kurudia hali ya udongo kilikotoka. Huo udongo mwekundu ndio kutu. Ni mwaka 1913 tu ndipo Harry Brearley, mtu wa Sheffield huko huko, alipoyeyusha feleji iliyochanganywa na madini ya kromi, ambayo haishiki kutu kwa urahisi. Wembe wetu si wa feleji hiyo. Tena maji ya muwa ni mabaya kuliko maji ya kisima, kwa sababu sukari yake huvuta unyevu, na ikichacha hugeuka kuwa kali kama siki. Ongeza na hali ya Eldoret, mji ulio juu yapata mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, wenye baridi na mvua za miezi mingi, nawe utaona kwamba wembe ule ulifungiwa sandukuni pamoja na adui yake.

Miaka ikapita. Nikasoma, nikaajiriwa kazi ya ukarani, nikaoa. Wembe sikuusahau, lakini niliuzoea kama mtu anavyozoea deni ambalo mdai halidai.

Mwaka 2024 baba alipatwa na kiharusi. Mkono wa kuume na mguu wa kuume vikalegea, na maneno yakawa mazito kinywani. Alipotoka hospitali aliletwa kwangu, nasi tukagawana kazi za kumtunza: mke wangu chakula na dawa, mimi kumwogesha na kumvika. Ndevu zake zilikuwa zimeota zikawa nyeupe. Siku ya kwanza nilipomwendea na wembe wa kutupa, aligeuza uso. Akasema pole pole, neno moja moja, "Niletee wembe wa baba."

Nilikwenda nikaufungua. Wasomaji, sikuweza kuutambua. Bapa lote lilikuwa la rangi ya udongo, na upande wa kushoto, pale nilipoacha maji ya muwa, palikuwa na vishimo vyeusi vilivyokula ndani. Nikamwambia, "Baba, nipe siku chache niutengeneze." Akafumba macho. Sikujua kama amekubali au amechoka.

Hapo nikafanya kosa la pili. Niliona haya, na mtu mwenye haya hupenda kumaliza mambo upesi. Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, niliuchukua wembe nikaenda penye vibanda vya mafundi wa jua kali. Nilimpata kijana anayeng'arisha vyuma vya pikipiki kwa gurudumu linaloendeshwa kwa umeme. Akautazama akacheka, akasema kazi hiyo ni ya nusu dakika. Nikamwambia, "Fanya upesi, narudi ofisini." Aliuwasha mtambo, akaigusisha ncha ya wembe kwenye gurudumu. Cheche ziliruka, na ule udongo mwekundu ukatoweka, pakatokea feleji inayong'aa kama kioo. Moyo wangu ukaruka kwa furaha.

Papo hapo mzee mmoja aliyekuwa akinoa misumeno kando alipiga kelele, "Wacha! Unaupika!" Kijana akaondoa mkono. Mzee akaja, akauchukua wembe, akauinua juani. Penye ncha, karibu na makali, palikuwa na doa la rangi ya samawati, ukubwa wake kama punje ya hindi. Mimi nilidhani ni uzuri. Mzee akatikisa kichwa.

"Mwanangu," akaniuliza, "wataka wembe ung'ae au wataka unyoe?"

Nikamjibu, "Mzee, nataka vyote viwili."

"Ukitaka ung'ae tu, kijana huyu atakumalizia sasa hivi. Ukitaka unyoe, kaa chini."

Nikakaa chini, na ofisini nikachelewa. Mzee alinieleza jambo ambalo shuleni sikufundishwa. Wembe ukifanywa, hupashwa moto hata uwe mwekundu, kisha huzamishwa ghafula ili feleji iwe ngumu. Lakini feleji ngumu namna hiyo huvunjika kama kigae, kwa hiyo hupashwa tena kwa moto mdogo, usiopita sana nyuzi 200 za sentigredi, ili ulaini kidogo uungane na ule ugumu. Hapo ndipo makali hukaa. Ukiupasha zaidi ya hapo, feleji hutoa siri yake kwa rangi: kwanza manjano kama majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, na ikifika karibu na nyuzi 300 huwa samawati. Rangi hiyo ni alama kwamba ugumu umeondoka. Gurudumu la umeme laweza kuleta joto hilo kwa kufumba na kufumbua, hasa penye makali ambako chuma ni chembamba. Ugumu ukishatoka, kusugua hakuurudishi. Yabidi wembe mzima uingie motoni upya, na wembe uliochimbwa mashavu namna ile waweza kupindika.

Basi nilikuwa nimeuharibu mara ya pili. Mara ya kwanza nilikuwa mtoto. Mara ya pili nilikuwa mtu mzima mwenye kalamu mfukoni. Lakini mzee yule alinihurumia. Alisema doa ni dogo, liko penye pembe ya ncha, na wembe mwingine wote ni mzima. Aliifanya pembe ile kuwa butu kwa jiwe, isije ikamkwaruza mtu, kisha akanifundisha kazi yote, nami naiandika hapa kama alivyonifundisha.

Kwanza, uoshe wembe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, uukaushe kabisa, hasa pale penye msumari ambako maji hujificha. Usiuloweke mpini wa pembe majini, maana pembe hufura na kupasuka. Kisha upake bapa mafuta mepesi, kama ya cherehani, uuache usiku kucha. Mafuta huingia chini ya kutu na kuilegeza.

Pili, tafuta kipande cha ubao ulionyooka, ulaze wembe juu yake ili bapa lipate mahali pa kuegemea. Wembe huvunjika kwa urahisi ukibanwa au ukikunjwa. Makali yafunike kwa kizibo laini kilichopasuliwa kati, au uyasogeze ukingoni mwa ubao, vidole vyako vikae upande wa mgongo siku zote. Usisugue hata mara moja ukielekea makali. Sugua kwa kufuata urefu wa wembe, kutoka mkiani kwenda ncha.

Tatu, tumia msasa wa maji, ule mweusi uuzwao kwa mafundi wa kupaka magari rangi. Anza na namba 400 kama kutu ni nene, ukiutia mafuta kidogo. Kutu ikiisha, nenda namba 800, kisha 1,000, kisha 2,000. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo chembe za msasa zinavyokuwa ndogo. Siri ya mng'ao iko hapa: kila msasa huacha mikwaruzo yake, na kazi ya msasa ufuatao ni kuifuta mikwaruzo ya ule uliotangulia. Ukiruka daraja moja kwa haraka, mikwaruzo ile itabaki, nawe utasugua mwezi mzima bila kuiondoa. Chuma king'aacho kama kioo si kingine ila chuma ambacho mikwaruzo yake imekuwa midogo hata jicho haliioni.

Nne, malizia kwa kitambaa laini na dawa ya kung'arishia shaba, kama Brasso. Asiyekuwa nayo aweza kutumia majivu ya kuni yaliyochekechwa sana, yakachanganywa na mafuta. Kisha osha tena, kausha, paka mafuta.

Mimi nilikuwa na wembe huu mezani kila jioni muda wa juma mbili. Mke wangu alinicheka, akasema amepata mwenzi mwenza wa chuma. Siku ya tano uso ulianza kuonekana katika bapa, kwanza kama kivuli, baadaye macho na pua. Lakini vile vishimo vyeusi vya upande wa kushoto havikuondoka. Nilivisugua hata kidole kikafa ganzi. Nikarudi kwa mzee kumwuliza. Akaupitisha ukucha wake juu yake, akasema, "Hivi viache. Ili kuvimaliza, itakubidi uondoe chuma chote kilichovizunguka hadi ufike chini yake, na wembe utakuwa mwembamba kama karatasi. Ondoa kutu, kovu liache likae." Basi nikaviosha, nikavitia mafuta, nikaviacha.

Sasa wembe uling'aa. Nilimwonyesha mzee kwa majivuno. Akaukamata, akauburura taratibu juu ya nywele za mkono wake, na hapana hata unywele mmoja uliokatika. "Wang'aa," akasema, "lakini hauna makali." Kumbe yote niliyoyafanya yalikuwa ya mashavu, makali ni kazi nyingine kabisa. Na hapo palikuwa na hatari ambayo sikuifikiri. Baba alikuwa akimeza dawa ya kuzuia damu isigande, na daktari alikuwa ametuonya kwamba jeraha dogo kwake laweza kutoka damu kwa muda mrefu. Wembe mkali hupita juu ya ngozi bila kuivuta. Wembe butu huvuta ngozi, mnyoaji huongeza nguvu, na nguvu ndiyo imwagayo damu. Wembe unaong'aa usio na makali ni hatari kuliko wenye kutu, kwa kuwa wenye kutu kila mtu huuogopa.

"Kinolewacho hupata," wahenga walisema. Nikajifunza kunoa. Wembe wa kukunja huulaza juu ya jiwe laini la maji, mgongo na makali vikigusa jiwe kwa pamoja; mgongo ule mnene umewekwa kwa makusudi ili kukuonyesha mwinamo, usikisie. Huusukuma makali yakitangulia, bila kukandamiza. Ukifika mwisho huupindua kwa kuuzungusha juu ya mgongo wake, kamwe si juu ya makali, ukarudi. Baada ya jiwe huja mkanda wa ngozi, na hapo mwendo hugeuka: mgongo hutangulia, makali hufuata, la sivyo utaukata mkanda. Nilikwenda na kurudi mara hamsini. Nilipoisikia ile sauti ya kunong'ona niliyoisikia nikiwa mtoto, ilinibidi nisimame kidogo.

Niliupima kwa nywele za mkono, zikaruka. Usoni pangu sikuujaribu, na jambo hili nataka lieleweke. Wembe mmoja kwa watu wawili ni mlango wa ugonjwa. Virusi vya Ukimwi vyaweza kupita kwa damu iliyobaki wembeni, na virusi vya homa ya ini aina ya B vyaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi. Babu zetu hawakujua hayo. Sisi twajua, nasi hatuna udhuru. Kwa hiyo nilijifunza kwa puto la watoto. Nililipuliza, nikalipaka povu la sabuni, nikajaribu kuliondoa povu kwa wembe bila kulipasua. La kwanza lilipasuka, na la pili, na la tatu. La nne likabaki zima, na watoto wangu wakapiga makofi.

Jumamosi jioni nilimketisha baba mlangoni. Nilipangusa wembe kwa spiriti, nikauacha ukauke. Nikamwekea kitambaa cha moto usoni muda wa dakika tatu ili ndevu zilainike, nikampaka povu. Kisha nikaufungua wembe. Jua lilikuwa likitua upande wa Turbo, na mwanga wake uliligonga bapa ukaruka ukutani. Baba alilitazama doa lile la mwanga ukutani kama mtu aonaye mgeni anayemjua.

Hapo mkono wangu ukakataa. Nilijua kazi, lakini sikuweza kuweka makali shingoni mwa mzee wangu huku nimemficha neno. Nikaushusha wembe. Nikamwambia, "Baba, mwaka ule mlipokwenda mazishini, mimi ndimi niliyeuchukua wembe huu. Niliumenyea muwa. Kutu yote hii ni yangu." Nikamweleza pia habari za gurudumu la umeme na lile doa la samawati penye ncha.

Alinyosha mkono wa kushoto, nikampa wembe umefungwa. Akaufungua kwa kidole gumba, akaupapasa mgongo, kisha shavu la kushoto, hata akafika penye vishimo. Kidole kikakaa hapo. Akasema neno moja moja, kwa taabu: "Nilikuta... nyuzi za muwa... penye msumari." Akapumzika. "Nilingoja... uniambie."

Sikuwa na jibu. Nilitazama chini. Kisha nikamsikia akicheka ule ucheko wa upande mmoja aliobakiwa nao, akaniuliza, "Na muwa... ulikuwa mtamu?"

Nikamwambia, "Ulikuwa mtamu, Baba."

Akanirudishia wembe, akainua kidevu. Nilimnyoa. Nilivuta ngozi kwa kidole cha mkono wa kushoto, nikaulaza wembe kwa mwinamo mdogo, nikafuata njia ya ndevu kutoka juu kwenda chini, nikijihadhari na pembe ile ya ncha niliyoiharibu. Hakutoka damu hata tone. Nilipomaliza alijipapasa shavu, akaomba kioo kile kidogo. Alijitazama muda mrefu, akasema, "Sasa... naonekana."

Tangu siku hiyo ninamnyoa kila Jumamosi. Nikimaliza, huuosha wembe, huukausha hadi penye msumari, huutia tone la mafuta, ndipo huukunja. Kazi hii huchukua muda usiozidi dakika mbili. Ningaliifanya mwaka 2003, nisingalitumia majioni kumi na manne na misasa minne kuirudisha hali ya wembe, wala nisingaliacha kovu.

Basi wasomaji, mwenye chombo cha zamani chenye kutu asikitupe, wala asikipeleke penye gurudumu kwa haraka. Akiondolee kutu taratibu, ayahifadhi maandishi yake, aache makovu yalivyo, na akumbuke kwamba mng'ao si makali. Na kama kutu ile aliileta yeye, amwendee mwenye chombo akamwambie mapema, angali hai. Mimi nilibahatika kumkuta wangu angali akingoja.